Changamoto ya Tatu

Ripoti ya mafunzo ina mtindo wake, na kila mratibu wa kituo cha walimu aliujua kabla hajaandika mstari wa kwanza. Unaanza na utangulizi, kisha malengo, idadi ya washiriki, mada zilizofundishwa. Halafu mafanikio, halafu changamoto, na mwisho mapendekezo. Mafanikio yawe mengi. Changamoto ziwe tatu. Hakuna waraka uliosema lazima ziwe tatu, lakini ripoti yenye changamoto moja ilionekana ya mtu mvivu, na yenye tano ilionekana ya mtu mlalamishi. Kwa hiyo tulitafuta tatu.

Mimi nilimharibia mtu maisha kwa sababu nilikuwa na mbili tu.

Mtu huyo alikuwa rafiki yangu. Tulikutana chuo cha ualimu katikati ya miaka ya themanini, wakati maduka ya ushirika yalikuwa na rafu tupu na sabuni nzuri ilivuka mpaka Tunduma ikiwa imefichwa kwenye magunia ya mahindi. Sote tulikuwa tumemaliza kidato cha nne, tukachukuliwa kusomea ualimu wa Daraja A. Yeye alikuwa Mnyiha wa mlimani, kwenye kahawa. Mimi ni Mnamwanga wa Chapwa. Tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye chini, mimi juu, na utani ulianza wiki ile ile ya kwanza.

"Wewe ukiongea Kiswahili," aliniambia, "hata Kiswahili chenyewe kinajiuliza kimekukosea nini."

"Na wewe ukiongea, watu wanatafuta mkalimani."

Tulicheka mpaka mlezi wa bweni akagonga ukuta.

Baada ya chuo yeye alirudishwa mlimani, shule iliyokuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwao. Huko akafanya jambo ambalo walimu wengi walilikimbia: aliomba darasa la kwanza. Wanaojua shule zetu wananielewa. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto wengi kuliko yote, madawati machache kuliko yote, na mara nyingi lilipewa mwalimu mgeni au mwalimu ambaye mwalimu mkuu hampendi. Yeye aliliomba, akakaa nalo zaidi ya miaka ishirini. Alikusanya vizibo vya soda, magunzi, mbegu za kahawa, akatengeneza zana za kuhesabia ambazo mimi mwenyewe niliwahi kuwapeleka wageni wakazione.

Mimi niliondoka darasani mapema. Nilikuwa na mwandiko mzuri na nilijua kuwafurahisha wakubwa kwa karatasi, nikapandishwa kuwa mratibu wa kituo cha walimu. Kituo ni jengo la vyumba vitatu ambako walimu wa shule za jirani huja kwa semina. Tangu siku hiyo rafiki yangu alianza kuniita Mratibu, akiivuta ile herufi ya mwisho kama anaita mbuzi aliyepotea. Sikuchukia. Nilipenda cheo hata kilipotaniwa.

Kisha zikaja kompyuta. Ilikuwa miaka ile simu za Kichina zilipojaa Tunduma, na wilaya yetu bado ilikuwa moja na kubwa, kuanzia milima ya kahawa hadi bonde la Momba kwenye joto. Kituo chetu kililetewa kompyuta sita za mezani zilizokwisha kutumika, projekta moja na jenereta. Nikapelekwa chuoni wiki mbili kujifunza, ili nikirudi niwafundishe walimu wengine matumizi ya TEHAMA katika kufundisha na kujifunza. TEHAMA ndiyo ilikuwa habari ya mjini. Afisa aliyeweza kulitaja neno hilo mara tatu katika hotuba alionekana wa kisasa.

Niseme ukweli ambao sikuusema wakati ule. Katika wiki zile mbili nilijifunza kuwasha kompyuta, kuizima bila kuikosea, kuandika barua, na kutengeneza maandishi ya kuonyesha ukutani ambayo herufi zake zinaruka kutoka pembeni. Basi. Na niliporudi, nilifundisha kompyuta kama nilivyofundishwa jiografia. Niliandika ubaoni: "Kompyuta ina sehemu kuu zifuatazo." Walimu arobaini wakanakili. Nilichora kibodi kwenye karatasi ya manila, nikawapanga wapite mmoja mmoja waguse herufi kwa kidole. Kompyuta zenyewe nilizifunika kwa vitambaa alivyofuma mke wangu, na niliwaruhusu wazishike siku mbili za mwisho tu, watu saba kwa moja, kwa sababu niliogopa ikiharibika nitaulizwa mimi.

Rafiki yangu alikuwa miongoni mwa wale arobaini, peke yake kutoka shule yake. Siku ya tatu alinyoosha mkono.

"Mratibu, samahani. Mimi nina watoto mia na ushee. Wengi wakija Januari hawajui Kiswahili hata cha kuomba maji. Hii mashine itanisaidiaje mimi na wale?"

Lilikuwa ndilo swali pekee la maana lililoulizwa wiki ile nzima. Nikamjibu, "Mwalimu, usiruke moduli. Tutafika huko." Hatukufika. Hapakuwa na moduli hiyo.

Siku ya mwisho kila kikundi kilitakiwa kuonyesha jinsi kitakavyotumia TEHAMA darasani. Wa kwanza wakaonyesha picha ya moyo wa binadamu, ikazunguka, watu wakapiga makofi. Wa pili wakaandika irabu tano, na kila irabu ikaingia na mlio wa gari linalofunga breki. Makofi. Ikafika zamu ya kikundi chake, akasimama yeye. Hakuja kwenye kompyuta. Alitoa mfukoni simu ya Kichina, ile yenye spika kubwa nyuma, akaiweka juu ya meza na kubonyeza.

Ikatoka sauti ya mama mtu mzima akihesabu kwa Kinyiha, taratibu, huku unasikia mbegu za kahawa zikidondoka moja moja kwenye sufuria. Moja, tone. Mbili, tone. Akifika kumi ananyamaza, halafu inaingia sauti ya rafiki yangu akihesabu zile zile kwa Kiswahili, na nyuma yake sauti za watoto wakiitikia.

Akaeleza. Darasa lake haliingii chumba kimoja, kwa hiyo analigawa mawili. Nusu moja anatoka nayo nje kufundisha kuandika kwenye vumbi. Nusu nyingine inabaki ndani na simu, na mtoto mmoja mkubwa kidogo anabonyeza. Amerekodi hesabu, hadithi, sauti za herufi, kwanza kwa lugha ya nyumbani na baadaye kwa Kiswahili. Kila wiki anapunguza Kinyiha na kuongeza Kiswahili, na ikifika katikati ya mwaka Kinyiha kimekwisha kabisa kwenye kadi ya simu. Simu anaichaji kwa betri ya gari ya mwenye duka. Akasema mwaka uliotangulia watoto walikuwa wamesoma sentensi kabla ya likizo ya Juni, jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu aanze kazi.

Nadhani wengine walikuwa wameanza kuelewa. Kisha mwalimu mmoja mama wa makamo, mtu wa masihara, akasema kutoka nyuma, "Mwalimu, tumeambiwa tulete TEHAMA, wewe umeleta redio?"

Wakacheka. Wote wakanigeukia mimi, maana mimi ndiye mwezeshaji, ningesema hiki ni nini. Nikaona nafasi ya kuchekesha zaidi.

"Hiyo si TEHAMA, mwalimu. Hiyo ni simu. Kapige kwa mkeo umwambie unakuja."

Kicheko kilichotoka nakikumbuka. Rafiki yangu naye alicheka. Akaichukua simu, akaifuta kwa pindo la koti, akarudi kukaa. Baada ya semina alikuja kuniaga kama kawaida, akanishika bega. "Mratibu, njoo siku moja uwaone wale watoto. Njoo tu." Nikasema nitakuja. Sikwenda.

Jumatatu yake nikakaa kuandika ripoti. Changamoto ya kwanza: umeme kukatika mara kwa mara. Ya pili: uchache wa kompyuta ukilinganisha na idadi ya washiriki. Ya tatu sikuwa nayo. Nilifikiria panya, nikaona si jambo la kuandika kwa ofisi. Nikafikiria muda kuwa mfupi, lakini muda niliupanga mimi. Nikakaa na kikombe cha chai, nikakumbuka ile simu, nikaona nimepata. Niliandika hivi, na nakumbuka neno kwa neno:

"Baadhi ya washiriki bado hawajaelewa maana ya TEHAMA, ambapo mshiriki mmoja alionyesha matumizi ya simu ya mkononi darasani pamoja na kufundisha kwa lugha ya kabila, kinyume na taratibu."

Sikutaja jina. Nilijiona mwungwana kwa hilo. Lakini katika kiambatisho, kwenye jedwali la vikundi na kazi zao, ilikuwa imeandikwa shule ya kila aliyewasilisha. Nilibandika jedwali kwa sababu lilifanya ripoti ionekane nene. Ripoti ilisifiwa. Niliambiwa kwa mdomo kwamba ni ya mfano.

Miezi miwili au mitatu ikapita. Alasiri moja nilikuwa kituoni peke yangu, akaingia rafiki yangu na bahasha ya kaki. Hakuivuta ile herufi ya mwisho siku hiyo.

"Ndugu yangu, soma."

Zilikuwa barua mbili. Moja ilikuwa onyo: kutumia simu wakati wa vipindi na kufundisha kwa lugha isiyo ya kufundishia. Ya pili ilikuwa ya uhamisho, kwa ajili ya kukidhi mahitaji ya kikazi. Anapelekwa bondeni Momba. Alikuwa na siku kumi na nne.

Nilisoma taratibu sana ili nisilazimike kuinua macho. Maneno ya barua ya onyo yalikuwa yangu. "Kinyume na taratibu" lilikuwa langu.

"Mke wangu hawezi kuondoka," alisema. "Mama mkwe amelala kitandani, kahawa ndiyo inaiva. Na wale watoto, ndugu yangu, niko nao nusu njia. Sasa hivi ndiyo nilikuwa naanza kuwatoa kwenye Kinyiha. Mtu mwingine akiingia leo hatajua nilipofikia. Wewe una mkono wa barua. Niandikie ya kuomba wanifikirie."

Nikawasha kompyuta. Nilichapa kwa vidole viwili, yeye amekaa pembeni yangu kwenye benchi. Kwa heshima na taadhima. Rejea barua yako. Naomba nifikiriwe kwa sababu za kifamilia. Nikaandika habari za mama mkwe na za mke. Kuhusu simu nikaandika kwamba mwombaji anajutia na hatarudia.

Alisoma kwenye kioo, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapo kwenye simu," akasema. "Huwezi kuongeza neno? Wewe ulikuwepo. Ulisikia. Si useme tu kwamba wewe kama mwezeshaji uliona njia yenyewe, na kwamba watoto wanasoma?"

"Barua ni yako, bwana. Mimi nikijiingiza itaonekana tumepanga."

"Hata karatasi nyingine, pembeni, yenye sahihi yako?"

"Wataniuliza mimi ni nani."

"Wewe ni mratibu," alisema.

Hapakuwa na utani katika sauti yake. Alinitazama kwa muda, si kwa hasira. Alinitazama kama mwalimu anayemsubiri mtoto ambaye jibu analijua lakini hataki kulitamka. Siku ile niliona ni mtu mwenye wasiwasi tu. Nikachapisha barua, akatia sahihi, akanishukuru. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikamwambia Mungu atasaidia.

Jibu lilikuja kwamba ombi lake limesomwa na atekeleze uhamisho kwanza.

Mwaka huo aliniandikia mara moja kutoka bondeni. Alisema joto linamchosha na malaria imemshika mara mbili. Alisema wamempa darasa la kwanza, na nusu ya watoto ni wa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wanaongea Kisukuma, lugha asiyojua hata salamu yake. "Sasa mimi ndiye mtoto asiyejua kuomba maji," aliandika. Kuna mama mmoja wa kifugaji alikuwa tayari kumrekodia hesabu na hadithi, lakini simu haruhusiwi kuingia nayo darasani, na onyo lipo kwenye faili. Mwisho akawasalimia mke wangu na watoto. Barua ile sikuijibu. Nilianza kuijibu mara kadhaa.

Baadaye nilisikia ameomba kustaafu kwa hiari mara tu umri ulipomruhusu, na kwamba hakurudi mlimani moja kwa moja, ana kibanda Tunduma. Tunduma na Chapwa si mbali. Mimi nami nilipostaafu nilirudi kwetu Chapwa, na kwa karibu miaka miwili nilikuwa nikienda sokoni kwa njia ya kuzunguka ili nisipite upande aliokuwa.

Kilichonitoa ni semina. Nilialikwa kituoni kama mstaafu, kukaa meza ya mbele na kunywa soda katika kufunga mafunzo ya walimu wa darasa la kwanza na la pili, mafunzo ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwezeshaji alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, anasimama bila karatasi. Akaiinua simu yake juu.

"Walimu wangu, msisubiri kompyuta. Hii hapa ni zana. Rekodi sauti yako. Mrekodi bibi kijijini akisimulia. Mtoto akielewa kwanza kwa lugha anayoijua, Kiswahili atakifikia."

Walimu wakapiga makofi. Mmoja akauliza jinsi ya kuhifadhi kwenye kadi, naye akashuka, akamwonyesha kwa kumshikisha mkono. Nilikuwa nimekaa na chupa ya soda. Wakaniomba niseme neno la wastaafu. Nikasimama, nikasema nawashukuru, nikaketi. Watu walidhani uzee.

Siku ya pili yake nikaenda Tunduma.

Kibanda chake kilikuwa karibu na maegesho ya malori yanayosubiri kuvuka, kimepakwa rangi ya bluu, na ubao: "Tunachaji simu. Tunaingiza nyimbo. Kwaya, Bongo, Zambia." Ndani alikuwa na kompyuta moja, miwani imeshuka puani, nywele nyeupe kuliko zangu. Alikuwa anamhudumia mwanamke wa Kizambia mwenye kikapu cha vitenge.

"Mulishani, bashikulu," yule mama alimsalimia kwa Kibemba, kama wanavyomsalimia babu.

Akamjibu kwa Kibemba kilichonyooka. Akaichukua kadi yake, akaichomeka, akahamisha nyimbo kwa mwendo mwepesi wa mausi, bila kutazama kidole. Nilisimama pale nikitazama. Katika walimu wote arobaini niliowafundisha, huenda yeye ndiye pekee aliyekuwa anatumia kompyuta kila siku.

Yule mama alipoondoka, akaniona.

"Karibu, mzee. Unaingiza nyimbo au unachaji?"

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Nimeuliza unaingiza nyimbo au unachaji."

Akanisogezea kigoda. Nikakaa. Tukaulizana habari za nyumbani kama watu waliokutana msibani. Mke wake mzima, bado mlimani, anakuja mwisho wa mwezi. Mama mkwe alishafariki, wakati yeye yuko bondeni. Alifika baada ya mazishi. Kisha nikasema lililonileta. Nilikuwa nimelipanga njiani vizuri, likatoka ovyo. Nikamwambia ile ripoti niliiandika mimi. Kwamba yale maneno ya kwenye onyo yalikuwa yangu. Kwamba sikukusudia, nilihitaji changamoto ya tatu.

Alikuwa anazungusha waya wa chaja kidoleni.

"Niliiona ripoti yako kabla sijaja kwako siku ile," akasema. "Nilipokwenda kuuliza kwa nini nahamishwa, karani alinifungulia faili. Mwandiko wa sahihi ninaujua tangu chuo."

"Ulijua? Ulipokuja niandike barua ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ulikuja kwangu?"

"Nilidhani utasema." Akauweka waya chini. "Ripoti, sawa. Ripoti ni kazi, mtu anajaza. Mimi mwenyewe nimewahi kujaza maendeleo ya watoto nisiowakumbuka sura. Nikasema, ngoja nimpe nafasi, nimkalie pembeni, ataona aibu atasema, na tutaandika barua ya kweli. Nikakuongezea na mlango wa pili, nikakuomba ile karatasi ya pembeni. Ukaniambia watakuuliza wewe ni nani."

Malori yalikuwa yananguruma nje, foleni imesogea hatua mbili.

"Ungeandika, labda bado wangenihamisha," aliendelea. "Wala si hilo. Unajua ni nini kinachonisumbua? Darasa lile nililiacha Juni. Mwalimu aliyeingia hakukaa, akaja mwingine, naye hakukaa. Mwaka huu alikuja hapa binti mmoja, mkubwa sasa, anauza karanga kwenye malori. Akanitambua, akafurahi, akasema mwalimu niwekee nyimbo. Nikamgeuzia kioo, nikamwambia chagua mwenyewe, majina hayo hapo. Akatazama. Akaniambia, mwalimu, nisomee."

Alivua miwani akaifuta, akaivaa tena.

"Nikamsomea. Orodha yote. Zilikuwa nyimbo nyingi."

"Nisamehe, ndugu yangu," nikasema.

"Nimekusikia."

Nikasubiri aongeze. Dereva mmoja akafika na simu mbili, akauliza kama kuna nafasi ya kuchaji, rafiki yangu akasimama kumpokea, wakaanza kubishana kwa kucheka juu ya simu ipi imezeeka zaidi. Nilikaa mpaka nikaona nazuia mlango. Nilipoaga alinipungia mkono, kwa adabu, kama anavyompungia mteja.

Nyumbani nilichukua karatasi, nikaandika barua kwa mkono, maana kompyuta sina. Niliandika kwamba mimi, aliyekuwa mratibu wa kituo, niliripoti jambo nililolishuhudia bila kulielewa. Kwamba mwalimu huyo alikuwa akifundisha kwa njia iliyofaa kabla sisi sote hatujaijua, na kwamba watoto wake walikuwa wanasoma. Kwamba nilimcheka mbele ya wenzake, na alipokuja kuomba msaada nilinyamaza. Nikatia sahihi yangu kamili. Ilinichukua siku tatu, ukurasa mmoja na nusu.

Nikapanda gari hadi ofisini. Siku hizi wilaya imegawanywa, mafaili ya bondeni yamekwenda bondeni na mengine yamebaki, na kila dirisha lilinielekeza dirisha jingine. Mwishowe nikapokelewa na karani wa masijala, mama kijana, mpole, ameweka kanga mabegani kwa baridi. Alisoma barua yote akiwa amesimama. Kisha akarudi mwanzo, akaisoma tena, akitafuta kitu kwa kidole.

"Shikamoo tena, mzee wangu. Huyu mwalimu yuko kazini?"

"Alishastaafu."

"Ana madai yoyote? Mafao, malimbikizo?"

"Hapana. Sijui. Hakunituma."

"Sasa baba, mbona sijaona ombi? Barua inaomba tumfanyie nini?"

Nilitazama ile karatasi mikononi mwake. Nikamwambia haiombi kitu, inasema tu.

Hakunidharau. Aligonga muhuri wa kupokea, akaandika tarehe, akasimama mbele ya kabati akivuta faili hili na lile, akisoma migongo yake na kuyarudisha. Akanigeukia.

"Niiweke kwenye faili lipi, mzee? La kwake lilishafungwa. Niiweke kwenye la kwako?"

Nikamwambia ndiyo. Iweke kwenye la kwangu.